Mashine Haimngoji Bi Harusi

Mwanangu aliitoa habari ile wakati wa chai ya asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sukari. Alisema amechoka kupanda mahindi ya ng'ombe kwa kubahatisha. Kama mvua kubwa za mwakani zitaanza na bado hatujaijua mbegu ya kuwavusha ng'ombe kiangazi kizima, atawauza wote watatu waliobaki, arudi kuendesha lori la masafa marefu. Mwenye lori alikwishampigia simu na kumwekea nafasi hadi wakati huo.

Mkamwana wangu alikuwa ameshika birika. Aliendelea kumimina chai mpaka kikombe kikafurika hadi kwenye kisahani, nikajua limempata. Miaka ile ya lori naikumbuka. Mume alikuwa akija kama mgeni, watoto wanamwamkia kama wanavyomwamkia mwalimu mkuu, na wakishaanza kumzoea anabeba begi lake. Waliomrudisha nyumbani ni ng'ombe. Wakitoka wao zizini, naye anatoka.

Kilichotuponza ni saileji. Kwa asiyeijua, saileji ni mahindi yanayokatwa yangali mabichi, shina, majani na magunzi yake yote, yakapitishwa kwenye mashine ya kukatia malisho, yakashindiliwa mahali pasipoingia hewa na kufunikwa. Yanajivundika humo kama ndizi, ila ndizi unataka ziive, na haya unataka yachachuke kidogo, yanukie vizuri, yakae miezi bila kuoza. Mwaka uliopita tulijaza shimo, tukalifunika kwa nailoni na matairi mabovu juu, tukajipongeza. Kiangazi hakijafika nusu, shimo likabaki sakafu. Ng'ombe wakala mabua makavu, na maziwa yakapungua hadi ndama na birika la chai vikawa vinayagombania.

Kwa mwanangu dawa ilikuwa rahisi: tutafute mahindi marefu zaidi. Mkewe akamwambia marefu yatajaza shimo, lakini je, yatajaza ndoo ya kukamulia?

"Ng'ombe hali maswali, mama watoto," mwanangu akamjibu. "Anakula majani."

Hapo nieleze kwamba mkamwana wangu huyu anaitwa Bi Kwanini. Jina hilo alipewa na mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa utani, likatoka nje ya uzio na sasa hata muuza duka humwita hivyo. Ukimwambia jiko limezima atauliza limezima kwa nini, na atachutama kulichungulia mpaka ajue. Mimi mwanzoni ilinichosha. Siku hizi naona nyumba isiyo na mtu kama huyo husahau hata kwa nini mlango wake unafungukia nje.

Basi Bi Kwanini alikwenda ofisini kwa bwana mifugo akarudi na mifuko minne midogo ya mbegu chotara, kila mmoja na namba ndefu ambayo hakuna aliyeweza kuikariri. Shamba kubwa lilikwishapandwa mbegu yetu ya siku zote, ila pembeni palibaki kipande kitupu. Akakigawa vipande vinne, kila mbegu na mistari yake, siku moja, mbolea ileile, nafasi zilezile kwa kamba. Nilikuwa nimeishika ile kamba upande wa pili, naye kila baada ya hatua chache ananiuliza kama nimeikaza.

Yalipotokeza yalifanana kama vifaranga. Baadaye kila moja likaanza kuonyesha tabia yake, nasi tukayapa majina, maana huwezi kukaa kivulini ukazungumzia namba. Lililopanda juu kuliko yote, shina kama mwanzi, tukaliita Mlingoti. La pili lilikuwa na shina pana na hindi zito lililokaa chini kidogo, tukaliita Mnene. La tatu majani yake yalibaki kijani kibichi, laini, yakiinama kwa adabu kila upepo ukipita, hilo likawa Bi Harusi. La nne lilichanua mapema na kukaza punje mapema, lakini lilinifika begani tu. Mfupi.

Mwanangu alijifanya hana habari nayo. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja akipita pale, akisimama kando ya Mlingoti na kunyoosha mkono juu, vidole visifike kwenye kishada cha maua.

Bi Kwanini yeye alikuwa anakwenda kuvunja hindi moja moja. Analivunja katikati kama mkate, anatoa punje na kuikagua. Punje ya hindi ina siri yake ndogo ambayo mimi, na uzee huu wote wa kutwanga na kupukuchua, sikuwahi kuitazama. Inapokomaa huanza kuwa ngumu kutoka juu, na chini bado kuna maziwa. Katikati pana mstari, na siku zikienda mstari unashuka. Bwana mifugo alimfundisha kwamba mstari ukifika nusu ya punje, au ukapita kidogo, hapo ndipo pa kukata. Kabla ya hapo ni maji matupu. Ukichelewa, yamekauka, hayashindiliki. Alinipa punje moja niione. Nilivaa miwani, nikaiona, nikafurahi kama mtoto aliyeonyeshwa jino linalolegea.

Sasa mahindi hayo hukatwa kwa mashine, na mashine ni ya kikundi chetu cha wafugaji. Ni moja tu, inavutwa na trekta, na mwenye kuiendesha tunamwita Kimbunga, kwa kuwa akiiwasha, kuku wote wa mtaa huhama. Kikundi hupanga zamu kabla hata mbegu haijaingia ardhini. Siku yako ikifika, mashine inafika. Ikipita, imepita. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na hakuna aliyeona ubaya wake.

Siku yetu ilifika, na kwa pilikapilika zake hakuna aliyekumbuka kukagua punje; Kimbunga akasaga shamba kubwa, halafu akasaga na vile vipande vinne kimoja kimoja, akinung'unika kwamba anafanyishwa kazi ya kuchambua mchele. Bi Kwanini akayashindilia katika ndoo zenye mifuniko ya kubana, kila mbegu na ndoo zake, akaziba kwa utepe. Mashina machache ya Bi Harusi aliyaacha shambani yasimame. Nilipomuuliza ya nini, akasema anataka tu kuona yataishia wapi.

Wiki za kungoja zilipita, tukafungua ndoo uani, na safari hii mwanangu alikuja mwenyewe na kigoda chake. Ndoo ya Mfupi ilikuwa na ukungu mweupe juu, na ukiingiza mkono ndani unahisi joto. Ya Bi Harusi ilikuwa imetoa maji machafu hadi chini, na harufu yake ilikuwa ya soksi zilizolala na maji ndani ya kiatu. Ya Mnene ilikuwa nzuri kiasi, ina unyevu kupita kidogo. Ya Mlingoti ilipofunguliwa sote tuliinama kuinusa. Ilinukia kama tunda lililoiva, rangi ya zeituni, ukiifinya inakaa mkononi kama tonge na kufunguka polepole.

Mwanangu akainuka, akabeba kigoda chake. Hakujisifu, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi. Alisema basi, mbegu imepatikana, mvua kubwa zikija tunapanda Mlingoti shamba zima, na ikitushinda nayo, kila mtu anajua lipi linafuata.

Bi Kwanini alibaki pale uani na ile ndoo inayonuka. Nilimwambia aimwage kabla majirani hawajaanza kuulizana nani kafa. Hakunisikia. Alikuwa anachokonoa vipande vya magunzi kwa kijiti, anavitafutia punje. Kisha akaondoka bila kuvaa ndala, akaenda shambani kwenye yale mashina aliyoyaacha, akarudi na hindi moja mkononi.

Lilikuwa la Bi Harusi. Alilivunja mbele yangu. Mstari ulikuwa ndiyo kwanza umepita nusu.

Nilianza kuelewa polepole, kama mtu anayesoma bila miwani. Siku ile ya mashine Bi Harusi alikuwa bado maziwa, ndiyo maana alilia machozi ndani ya ndoo. Mfupi naye mstari wake ulikuwa umeshafika chini, amekauka, hewa ikamwingia. Mlingoti aliangukia siku yake kwa bahati. Sisi tulidhani tunapima mbegu, kumbe tulikuwa tunapima zamu ya Kimbunga. Ni sawa na kupika maharage na mchicha sufuria moja, ukaepua mara moja, halafu ukalaumu maharage kwamba hayana ladha.

Alipomweleza mumewe, huyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza anataka nini. Akasema anataka kurudia. Tuna kishamba bondeni ambako udongo haukauki, akipanda huko sasa, majibu yatakuja kabla ya mvua kubwa. Mwanangu alikuna kidevu. Akasema apande, lakini mwenye lori haongezi siku, na mvua hazibembelezwi.

Kesho yake Bi Kwanini alinishika mkono tukaenda kwa Kimbunga. Tulimkuta chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana, tukazungumza na miguu. Mkamwana akamweleza kwamba msimu wa bondeni angependa mashine ije mara nne, kila mbegu kwa wakati wake. Miguu ilitulia kidogo.

"Shemeji," ikasema sauti chini ya trekta, "mashine hii si mkunga, aitwe kila mtu akisikia uchungu. Ina zamu. Siku yenu ya bondeni imeshapangwa, na nitakuja siku hiyo hata nikikuta mmepanda mawe."

Tukashika njia ya nyumbani. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kumfariji, natafuta methali na kila inayokuja naiona imechakaa. Tulifika nyumbani, nikakaa kuchagua mchele, yeye akakaa kando yangu kuosha sufuria, na ghafla mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Mama," akasema, "kama mashine haimngoji Bi Harusi, basi Bi Harusi atangulie."

Nikamwambia arudie taratibu, mimi darasa langu liliishia la saba. Akachukua punje za mchele, akazipanga sakafuni. Hapa ni siku ya Kimbunga, haisogei. Bi Harusi ndiye anayechelewa kukomaa, basi apandwe wa kwanza. Mnene, ambaye siku ile alikuwa na unyevu kidogo, amfuate. Halafu Mlingoti. Mfupi, mwenye haraka zake, apandwe wa mwisho. Wote watakutana siku moja, kila mmoja mstari wake katikati ya punje. Nilizitazama zile punje za mchele muda mrefu. Mashine tulikuwa nayo miaka yote, na zamu tulikuwa nazo, na tarehe ya kupanda ilikuwa mikononi mwetu wenyewe.

Bondeni pakapandwa kwa vipande. Waliopita njiani walitucheka. Mwenyekiti wa kikundi alisimama kwenye tuta akauliza kama siku hizi tunapanda kwa mkopo, kipande leo kipande mwezi ujao. Bi Kwanini akamjibu kwamba ni mahindi ya harusi, wageni hawafiki wote pamoja. Mwenyekiti akacheka, lakini aliondoka akigeuka nyuma.

Kimbunga alikuja siku yake, kama alivyoapa. Kabla hajawasha, mwanangu alichukua hindi moja kutoka kila kipande, akayavunja mwenyewe, akazitazama punje akiwa kafumba jicho moja. Mistari haikulingana sawasawa, Mfupi alikuwa amezidi kidogo. Lakini yote ilikuwa karibu na nusu. Mahindi yale hakuyatupa, aliyatia mfukoni.

Safari hii tulijaza mapipa ya plastiki, maana tulitaka ya kumlisha ng'ombe siku kadhaa na siyo kunusa tu. Hapo hapo jambo moja likajionyesha: kipande cha Mlingoti kilijaza mapipa mengi kuliko vyote, cha Mnene kikafuatia kwa karibu, Bi Harusi akawa nyuma yao, na Mfupi alipita kwenye mashine kwa muda wa kupiga chafya. Mwanangu akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mapipa.

Tulipoyafungua, harufu zote zilikuwa njema, hata ya Bi Harusi, ambayo mara ya kwanza ilitutoa machozi. Kilichobaki ni kumuuliza mwenye kula. Tuna ng'ombe mmoja tunamwita Shangazi, kwa sababu hakuna anachopewa asichokitia kasoro kwanza. Bi Kwanini akamwekea mafungu manne kwenye hori, tukasimama kutazama. Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye fungu la Bi Harusi, lililokuwa pembeni mwa hori, akala bila kuinua kichwa. Mkamwana wangu alishindwa kuficha furaha, alikuwa ameshampenda huyo Bi Harusi tangu akiwa mche. Lakini ndiye mwenyewe aliyesema tubadilishe nafasi za mafungu, tuone. Tukabadilisha. Shangazi akaenda palepale pembeni na kula Mfupi. Tukabadilisha tena, akala palepale Mlingoti. Ndipo mwanangu akakumbuka kwamba kila asubuhi yeye humwagia pumba kwenye pembe ile. Alicheka mpaka akashika nguzo, na mkewe naye akacheka, na mimi nikacheka kwa kuwaona wanacheka pamoja, jambo ambalo lilikuwa limepotea ndani ya nyumba ile tangu ile chai ya asubuhi.

"Shangazi hachagui chakula," mwanangu akasema akifuta macho. "Anachagua kiti."

Basi ikabidi tuulize maziwa. Bwana mifugo alipopita alitushauri tusihukumu siku ya kwanza wala ya pili, tumbo la ng'ombe lina taratibu zake, chakula kipya huzoeleka pole pole. Tumlishe mbegu moja hadi atulie nayo, ndipo tupime, kisha tuhamie nyingine kidogo kidogo. Hapo ndipo mwanangu alipojitwalia kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alitafuta dumu jeupe linalopitisha mwanga, akaomba rangi za kucha za mkewe, na kila akikamua anamimina humo na kuchora mstari mdogo ubavuni: nyekundu ya Mlingoti, waridi ya Mnene, na kuendelea. Dumu likawa zuri kama khanga. Alikuwa anakagua hata hori, anaokota mabaki. Siku za Mlingoti alikuta vipande vya shina vigumu ambavyo Shangazi alivisukuma kando kwa pua, vingi. Alivihesabu kama mtu anayehesabu dhambi za jirani, lakini safari hii dhambi zilikuwa za mbegu yake mwenyewe.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa vilima. Mwenye lori akapiga simu tukiwa zizini, mimi nimeshika kamba ya Shangazi. Mwanangu alikuwa anakamua, akamwambia mkewe aiweke sikioni kwake. Sauti ya yule bwana niliisikia hadi nilipo. Alisema lori limepakiwa, linaondoka mwisho wa wiki, anataka jibu la ndiyo au hapana.

Mkamwana wangu alikuwa ameishika ile simu kwenye sikio la mumewe. Maziwa yakaendelea kupiga ndoo, cha, cha, cha.

"Mwisho wa wiki siwezi, mkuu," mwanangu akasema. "Leo ndiyo tumemhamishia Mnene. Nikiondoka nani atapima?"

Yule bwana aliuliza mnene gani. Mwanangu akaanza kumweleza, tangu mstari wa punje hadi pembe ya pumba, kwa furaha kama mtu anayesimulia mechi, mpaka upande wa pili ukakata. Hakuonekana kujali. Mkewe alibaki ameshika simu iliyozima, ameielekeza kwenye sikio lile lile.

Majibu hayakuwa kama mtu yeyote alivyotaka, na labda ndiyo maana yaliaminika. Mstari wa waridi, wa Mnene, na wa Bi Harusi ilikaribiana sana juu ya dumu, Bi Harusi kazidi unene wa ukucha. Wa Mfupi ulikuwa chini yao kidogo, na mapipa yake yalikuwa machache mno. Wa Mlingoti ulikuwa chini ya yote. Nilimtazama Bi Kwanini, nikijua moyo wake uko wapi. Akapitisha kidole juu ya mistari ile miwili, kisha akahesabu mapipa matupu ukutani. Akasema maziwa ya Bi Harusi ni matamu kwa macho, lakini Mnene anatoa karibu yale yale na anajaza shimo. Mwanangu akasema na yeye alitaka Mlingoti. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara, wote wawili wameshindwa.

Mvua zilipoanza, tulipanda Mnene shamba zima, tukihesabu nyuma kutoka siku ya Kimbunga. Mwenyekiti alikuja na wengine wawili wa kikundi, wakauliza tarehe zetu, wakasimama kwenye tuta wakijadiliana zamu. Safari hii hawakucheka. Lori lilikwenda na dereva mwingine.

Jioni ile tulikula wote, miguu ya kila mtu ina tope. Mwanangu alikuwa anachora kwa kijiko juu ya meza, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, lile shina la chini, gumu, Shangazi halili. Kwa nini tunalikata pamoja? Tukiinua kisu cha mashine kidogo, tukaliacha shambani, maziwa yatakuwaje?"

Bi Kwanini aliweka sahani chini. Alimtazama mumewe, kisha akauliza kisu cha Kimbunga huinuliwa wapi, na mwanangu akasema hajui, lakini kesho wataenda kumuuliza.